Lango Lilifunguliwa, Maabara Je?

Shangazi yangu alitaka kuwa mhandisi. Alimaliza kidato cha sita mwaka 1975, mwaka mmoja tu baada ya Azimio la Musoma.

Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa Musoma ikaamua kwamba kijana asitoke shuleni akaingia chuo kikuu moja kwa moja. Baada ya Jeshi la Kujenga Taifa, afanye kazi walau miaka miwili, kisha aombe nafasi akiwa na mapendekezo ya mwajiri na ya chama. Nia ilikuwa kuzuia tabaka la wasomi wanaojitenga na wananchi.

Azimio halikumbagua mwanamke, lakini lilimwangukia yeye. Miaka ile ya kusubiri ndiyo miaka ya posa. Wasichana waliolewa, wakazaa, na wengi hawakurudi kuomba. Idadi ya wanawake Mlimani ikashuka. Mwaka 1976 serikali ikawaondolea wanawake sharti la kazi.

Wapo walioita hatua hiyo upendeleo. Shangazi anasema bila hiyo asingesoma.

Lakini hakusoma uhandisi, ingawa kitivo chake kilikuwepo Mlimani tangu 1973. Shule yake ya wasichana haikuwa na mwalimu wa fizikia, hivyo kidato cha tano alipangiwa kombi ya sanaa. Alipofika chuoni, kozi aliyoitaka ilikuwa imekwisha kumpita. Akasoma historia, akawa mwalimu.

Katika miaka ya 1990 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilijaribu njia nyingine. Wasichana wa sayansi waliokosa alama kidogo waliitwa kwa masomo ya wiki kadhaa, wakafanya mtihani, na waliofaulu wakadahiliwa. Hapo chuo hakikuishia kulegeza sharti. Kilifundisha kile ambacho shule hazikufundisha. Hata hivyo, kiliwafikia wale tu waliokwisha kuchukua sayansi. Msichana wa kombi ya sanaa, kama shangazi, asingekuwemo.

Tunapobishana leo kuhusu nani apendelewe kuingia chuo, huwa tunatazama alama za kidato cha sita. Shangazi hutazama nyuma zaidi. Kila matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, hunipigia simu kuuliza mabinti wa ukoo wamepangiwa kombi gani, na kama huko waendako kuna mwalimu wa fizikia.