Baraza la Vitabu Katika Muyinga

Zamani, kabla ya kuwapo nyumba za vitabu katika nchi ya Burundi, elimu ya Waislamu ilikaa barazani. Mwenye kitabu alikuwa mmoja, na wenye kusikiliza walikuwa wengi. Mwalimu alifungua kitabu chake, akasoma, akafasiri. Na jirani aliyekuwa akipita njiani alisita, akaamkia, akaketi pembeni. Desturi hiyo ni ndugu wa mambo yanayofanywa leo katika maktaba za umma: masomo ya hadhara, hadithi za watoto, na mazungumzo ya wakubwa. Historia yake yastahili kukumbukwa, kwa kuwa kila mkutano wa elimu una mlango wake, na yafaa kuuliza ni nani aliyepita mlangoni na ni nani aliyebaki nje.

Uislamu na lugha ya Kiswahili viliingia Burundi kwa njia ya ziwa. Katika karne ya 19 wafanyabiashara waliotoka pwani walifika Ujiji, na kutoka huko wakaendelea hadi Rumonge na Uzige, mahali palipokuja kuitwa Usumbura na baadaye Bujumbura. Mwaka 1912 Wajerumani walihamishia Gitega makao ya utawala wao, na watu wenye kusema Kiswahili, askari na wachuuzi, wakapanda milimani pamoja nao. Hivyo jamaa za Waislamu zikaota mizizi mbali na ziwa, katika Gitega na hata katika Muyinga upande wa kaskazini-mashariki.

Wabelgiji walipoishika nchi mwaka 1916 na kuitawala, shule nyingi zilikuwa mikononi mwa misheni. Wazazi wengi wa Kiislamu waliogopa kwamba mtoto akienda huko atarudi na dini nyingine, basi wakamwacha chuoni tu. Hofu hiyo ilikuwa na sababu yake, lakini gharama yake haikuwa ndogo. Mtoto alijua kusoma herufi za Kiarabu na kuhifadhi kwa moyo, ila vitabu na barua za serikali vilimpita. Uhuru ulipopatikana tarehe 1 Julai 1962, Waislamu walikuwa wachache mno katika afisi na katika shule za juu.

Katika nchi jirani wako waliotafuta njia ya kuutoa ukurasa kabatini na kuupeleka barazani. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alianzisha karatasi yake, Sahifa, mwaka 1930, na mwaka 1932 gazeti la al-Islah, ili watu wasomewe mambo ya dini na ya dunia kwa lugha wanayoifahamu. Tanganyika ilitunga sheria ya huduma za maktaba mwaka 1963. Na tarehe 9 Desemba 1967 Rais Nyerere alifungua maktaba kuu ya taifa katika Dar es Salaam. Katika nchi zenye kutumia Kifaransa, Burundi ikiwa mojawapo, tangu miaka ya 1980 vilianza kujengwa vituo vya kusomea na burudani kwa ajili ya watu wa mbali na miji mikubwa. Humo vitabu viliwekwa pamoja na redio, televisheni na michezo, kwa kuwa ilitambulikana kwamba rafu peke yake haimwiti mtu.

Ndipo mwaka 2012 nyumba ya vitabu ikajengwa katika mji wa Muyinga. Wenye shughuli walikuwa chama cha wenyeji kiitwacho ODEDIM, na wachoraji wa majengo wa BC kutoka Brussels. Kabla ya kuchora, wachoraji walikaa miezi miwili wakitazama jinsi watu wa mkoa ule na mikoa ya jirani wanavyojenga. Kuta zilisimamishwa kwa matofali ya udongo wa papo hapo, yaliyoshindiliwa kwa mashine bila ya kuchomwa; paa likachukuliwa na miti ya mikaratusi, na kuezekwa vigae vya udongo. Kwa kuwa vigae ni vizito kuliko mabati, nguzo zilikaribiana, kila moja mita 1.30 kutoka kwa mwenziwe. Paa lilitokeza mbele ya kuta ili mvua isiyalowanishe matofali. Ndani, juu ya pembe ya watoto, ulitandikwa wavu mkubwa wa kamba za mkonge, ili mtoto apande, alale, asome.

Lakini jambo lililo kubwa kuliko yote ni baraza. Wachoraji waliona kwamba katika nyumba ya Kirundi maisha hukaa ukumbini penye kivuli, mahali pa kungojea mvua ipite, pa kupumzika na kuzungumza. Basi wakaupanua ukumbi huo kuliko kawaida, ukafuatana na chumba cha vitabu kwa urefu wake wote, na mwisho wake mmoja ukatokea barabarani. Kati ya nguzo wakatia milango. Ikifunguliwa yote, chumba na ukumbi huwa kitu kimoja, na macho huenda hadi vilimani. Watu wa Muyinga hawakuhitaji kufundishwa matumizi ya mahali kama hapo. Lilikuwa baraza lao, ila sasa lina vitabu mgongoni.

Tena nyumba ile ilikusudiwa tangu mwanzo kuwa sehemu ya shule ya watoto viziwi, wakae na kusoma pamoja na wenziwao wanaosikia. Hapa historia inageuka na kuuliza baraza la zamani swali zito. Darsa ilisomwa kwa sauti. Hadithi ilisimuliwa kwa sauti. Hata kuhifadhi chuoni kulikuwa kwa sauti, mwalimu akitamka na watoto wakiitikia. Mtoto asiyesikia hakufukuzwa na mtu. Aliketi mkekani pamoja na ndugu zake, akatazama midomo ikienda, kisha akaondoka kama alivyokuja. Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno. Lakini neno lisilomfikia mmoja wao, kwake yeye limekwisha kuharibika.

Kitabu, picha na lugha ya mikono ndivyo vinavyoziba pengo hilo. Mtu akisoma hadithi barazani na mwenziwe akasimama ubavuni akiifasiri kwa mikono, masikizano yale yale ya wazee yameongezewa macho, na hakuna aliyepunguziwa kitu.

Mwakiro ilikuwa mojawapo ya tarafa saba za mkoa wa Muyinga, mpaka mwaka 2025 mipaka ya nchi ilipopangwa upya na Muyinga ikaunganishwa na Cankuzo na Ruyigi katika mkoa wa Buhumuza. Mipaka hubadilika, lakini mwendo wa miguu haupungui. Mtoto wa vilima vya Mwakiro hawezi kufika maktaba ya mjini kila jioni. Basi funzo la nyumba ile lafaa kusafiri mahali ambapo matofali yake hayafiki. Ukumbi upo katika nyumba nyingi, na mkeka upo. Kinachotakiwa ni sanduku la vitabu, msomaji mwenye subira, na mtu mmoja aliyejifunza kusema kwa mikono. Na kabla msomaji hajafungua ukurasa wa kwanza, atazame pembeni mwa mkeka, ajue ni nani ambaye sauti yake haitamfikia.