Tete iliyomo ndani ya kiinitete

Magazetini tumezoea "hali tete" ya usalama au ya mgonjwa. Mkulima analijua neno hilo kwa upole zaidi: mahindi tete ni yale ambayo punje yake ukiibonyeza kwa ukucha hutoa maziwa. Ndilo lililomo katika kiinitete, kiini ambacho bado hakijakomaa, na sioni jina linalokifaa kuliko hilo.

Maabara za upandikizaji mimba hulazimika kuuheshimu utete huo. Kiinitete hulazwa ndani ya tone la majimaji yenye virutubisho, likafunikwa kwa mafuta lisikauke, kisha huingizwa kwenye kiatamizi (jina tulilokipa kwa heshima ya kuku) chenye joto la nyuzi 37. Hewa tunayovuta ina oksijeni karibu asilimia 21. Ndani ya kiatamizi maabara nyingi huishusha hadi 5, kwa kuwa hata mirija ya uzazi ya mama ina oksijeni kidogo. Mlango ukifunguliwa mara kwa mara, joto na hewa huyumba, na seli zinaweza kuchelewa kugawanyika.

Waandishi wenzangu, tuache kukiita "yai". Yai likisharutubishwa na kuanza kugawanyika, ni kiinitete.