Mkono Unaotetemeka na Chujio la Picha

Mwaka 1817, daktari wa London aitwaye James Parkinson alichapisha kijitabu kuhusu watu sita waliokuwa wakitetemeka. Si wote waliokuwa wagonjwa wake. Baadhi aliwaona barabarani tu, mmoja wao kwa mbali. Alitegemea macho yake, na aliyatumia vizuri kiasi kwamba mpaka leo ugonjwa ule unaitwa kwa jina lake.

Karne moja na nusu hivi baadaye, wahandisi walikuwa na shida iliyo kinyume: walitaka mtikisiko uondoke. Mwaka 1960 Rudolf Kalman, mzaliwa wa Budapest aliyekuwa akifanya kazi Marekani, alichapisha hesabu ya kukadiria mahali kitu kilipo hata kama vipimo vyenyewe vina makosa. Wazo lake laelezeka kwa maneno machache: usiamini kipimo kimoja peke yake. Kadiria kwanza kitu kinapaswa kuwa wapi kutokana na mwendo wake wa awali, kisha jisahihishe kwa kipimo kipya. Kadiri kipimo kinavyotia shaka, ndivyo unavyokisikiliza kidogo. Stanley Schmidt wa NASA aliona kwamba hesabu hiyo ingefaa kuongoza chombo cha kwenda mwezini, na ikasafiri na Apollo.

Leo hesabu za ukoo huo zimo kwenye simu zetu. Mwaka 2020 watafiti wa Google walitoa BlazePose, programu inayotazama video na kuweka alama 33 mwilini: pua, mabega, viwiko, magoti, visigino. Mrekodi bibi akiwa ameketi sebuleni hapa Malangali, Sumbawanga, jioni mwanga ukiwa hafifu. Picha itajaa chembechembe. Kompyuta hukisia upya katika kila fremu, na katika kila fremu hukosea kidogo kwa namna yake. Bibi ametulia tuli, lakini alama zake zinarukaruka kama bisi kwenye sufuria. Wahandisi wanaiita kelele, ingawa haina sauti.

Dawa yake ni kuzichuja alama kabla ya kuzionyesha. Tatizo ni kipimo cha dawa. Ukilainisha sana, alama zinatulia lakini zinachelewa: mtu ameshainua mkono, alama bado iko gotini. Mwaka 2012 Géry Casiez na wenzake wawili walitoa chujio dogo walilolipa jina la yuro moja. Mwili ukienda polepole, linalainisha kwa nguvu. Ukienda kasi, linalegeza. Ni mistari michache tu ya programu, nayo inafanya kazi vizuri. Google wanalitumia kutuliza alama hizo 33.

Lakini chujio halijui mtikisiko umetoka wapi, kwenye kamera au kwenye mwili. Linajua mwendo tu. Mkono wa mgonjwa wa Parkinson ukiwa umepumzika hutetemeka mara 4 hadi 6 kwa sekunde, mwendo mdogo wa kwenda na kurudi, unaofanana sana na kelele. Chujio lililokazwa linaweza kuulainisha mpaka utulie. Video inapendeza, na dalili imefutwa.

Kufuta huko si kwa mashine peke yake. Watafiti walipita nyumba kwa nyumba wilayani Hai, Kilimanjaro, katika eneo lenye watu zaidi ya 161,000. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2008, yalionyesha wagonjwa 33 wa Parkinson, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa kwamba wana ugonjwa huo. Walikuwa wakitetemeka mbele ya majirani na wajukuu. Sisi nasi tuna chujio letu: mzee akitetemeka, tunasema ni uzee, tunaendelea na mazungumzo.

Kwa hiyo anayetengeneza programu ya kuchezesha katuni alainishe apendavyo. Anayetaka kumsaidia daktari wa Sumbawanga kumwona mgonjwa kwa simu ahifadhi kwanza alama ghafi, zilivyokuwa kabla ya kuchujwa, na aandike wazi ni mitikisiko ya kasi gani aliyoiondoa. Parkinson asingekuwa na la kuandika kama wale watu sita wangepita mbele yake wakiwa wameshalainishwa.