Kabla Fasihi Haijawa Karatasi ya Tatu

Mwaka 1960 kijana mmoja wa Tororo, A.C.K. Oboth-Ofumbi, alichapisha kitabu kwa Kidhopadhola kuhusu koo, safari na desturi za watu wake, Jopadhola. Akakiita Padhola. Uganda ilikuwa bado chini ya Mwingereza, na mtoto aliyebahatika kwenda shule aliwajua wafalme wa London kabla ya kumjua babu wa babu yake. Hakuna mtihani uliokuwa ukikingoja kitabu hicho. Mwandishi aliona tu kwamba wazee wanakufa, naye alijua kuandika.

Nimefundisha Kiswahili upande wa Kenya, Busia, hadi nikastaafu, na kila nilipoulizwa na mzazi fasihi itamsaidia nini mwanawe, nilianza na kitabu hicho. Mimi ni Msamia. Ndugu za baba yangu wako Funyula, Kenya, na wajomba wangu wako Lumino, Uganda. Katikati yetu unapita Mto Sio. Kabla ya 1902 sote tulihesabiwa Uganda. Mwaka huo Waingereza waliumega Mkoa wa Mashariki wa Uganda, hadi kule Naivasha, wakautia katika himaya iliyokuja kuitwa Kenya. Mpaka ukatuacha Wasamia huku na huku, na Iteso vivyo hivyo. Kwa hiyo kwetu swali la “sisi ni nani” halikuanzia darasani. Lilianzia kwenye matanga, pale mtu aliyevuka mto kuja kuzika alipolazimika kuutaja ukoo wake ili aketishwe mahali panapomstahili.

Miaka ya sitini wasomi wetu walilichukua swali hilo kwa uzito unaonishangaza hadi leo. Bethwell Ogot alikwenda Padhola, nchi ya hao Jopadhola, kusikiliza wazee, wakati ambapo wanahistoria wengi wa Ulaya hawakuwa wakiyaamini masimulizi ya mdomo kuwa ushahidi. Mwaka 1967 akatoa historia ya Waluo wa kusini, na ndani yake Jopadhola wa Tororo ni ndugu wa Waluo wa Nyanza, waliobaki nyuma katika safari moja ndefu. Mwaka huohuo Gideon Were alichapisha masimulizi aliyoyakusanya Magharibi mwa Kenya, ya Abaluyia, Iteso na Wakalenjin wa Mlima Elgon. Watu huviita vitabu hivi historia, na sawa. Lakini ukisoma yale ya Were unasikia mtu akisimulia: anasita, anarudi nyuma, anamsifu mjomba wake kupita kiasi, anampuuza jirani. Kwangu hiyo ni fasihi, tena ya hali ya juu.

Vitabu vya namna hiyo vilikuwa na mlezi. Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki, lililoanzishwa Nairobi mwaka 1948 chini ya Charles Richards, lilichapisha kwa lugha nyingi za wenyeji, likapeleka masanduku ya vitabu mashambani na hata kuazimisha vitabu kwa posta. Makerere nako, mwaka 1965, wanafunzi walianza kuzunguka Uganda na Kenya na tamthilia zao, bila kiingilio, baadhi zikiwa kwa Kiswahili. Na Okello Oculi, mtoto wa Lango aliyewahi kusoma St. Peter's College hapo Tororo, mwaka 1968 alitoa Orphan, utenzi ambamo wanakijiji wanampita yatima kwenye njia panda, kila mmoja akisema lake. Nimewasomea wanafunzi kazi hiyo mara nyingi. Mtoto wa mpakani haelezwi njia panda ni nini.

Mwaka 1968 pia, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walidai Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi kiiweke fasihi ya Afrika katikati, pamoja na ile ya mdomo. Mwaka 1974 walimu walikutana Nairobi School kulishusha dai hilo hadi madarasani. Wakati huo pande zote mbili za Mto Sio zilikuwa chini ya Baraza moja la Mitihani la Afrika Mashariki.

Halafu ukaja 1977. Mwezi Februari, Oboth-Ofumbi, wakati huo waziri katika serikali ya Idi Amin, aliuawa pamoja na Askofu Mkuu Janani Luwum na waziri mwenzake, Erinayo Oryema. Serikali ikatangaza ajali ya gari. Miezi michache baadaye Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na Shirika la Vitabu likavunjika nayo. Mwaka 1980 Kenya ikaunda baraza lake la mitihani. Siwezi kuyasoma matukio haya kama habari za siasa peke yake. Kwetu yalimaanisha kwamba kitabu cha Tororo hakikuwa tena na njia rasmi ya kufika Busia.

Kenya iliishika fasihi simulizi, na ninaishukuru. Lakini iliishika kwa mkono wa mtihani. Katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, ikawa sehemu ya Karatasi ya Tatu ya Kiswahili, na wanafunzi wakakariri sifa tano za ngano na umuhimu wa vitendawili, wakajua kumwita msimulizi fanani bila kumsikiliza fanani yeyote. Nilisahihisha insha zisizo na kosa zilizoandikwa na watoto wasiojua hadithi hata moja ya nyumbani kwao.

Ndipo nikaanza kuwapa madaftari. Kila mmoja alete simulizi moja kutoka kwa mtu mzee kuliko wote nyumbani, aandike jina la msimulizi na mahali, kwanza kwa lugha ya msimulizi, kisha kwa Kiswahili. Msichana mmoja wa Kidato cha Tatu, aliyekuwa akivuka kila asubuhi kutoka Sofia, upande wa Uganda, alileta wimbo wa kubembeleza mtoto kutoka kwa nyanya yake, Mpadhola aliyeolewa kwa Wasamia. Alikuwa mkimya, wenzake walimcheka kwa matamshi yake. Alipousoma kwa Kidhopadhola, mvulana Mluo aliyekaa nyuma, mtoto wa Ugenya, akainua mkono kabla ya tafsiri. Akasema anaelewa. Si yote, lakini anaelewa mama anamwambia nini mtoto. Nikamwomba atafsiri yeye, naye msichana akawa anamsahihisha. Walibishana hadi kengele ikalia, na hakuna aliyetoka. Kesho yake nilikuja na kitabu cha Ogot nikawasomea juu ya Padhola na Nyanza, na darasa lilinisikiliza kama watu wanaosomewa wosia wa mzee wao, kwa kuwa sasa walijua kwa masikio yao kwamba ni kweli. Hilo ndilo nililotaka kumwonyesha kila mzazi aliyeniuliza.

Msichana yule leo ni mwalimu wa fasihi Uganda. Mwaka 2022, serikali yake ilipopandisha mshahara wa walimu wa sayansi wenye shahada hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi na kuwaacha wa sanaa palepale, alikuwa miongoni mwa waliogoma. Nilimuunga mkono, na bado namuunga mkono. Mwaka huohuo msomi wa Kijapani, Kiyoshi Umeya, alichapisha kitabu kizima juu ya Jopadhola, ambamo Oboth-Ofumbi na maandishi yake wana nafasi kubwa. Japani wanamsoma, lakini katika maktaba za shule nilizozitembelea mwenyewe, Tororo na Busia zote mbili, ya Kenya na ya Uganda, sikuona nakala hata moja ya Padhola.

Sasa Kenya imeifanya Fasihi ya Kiswahili somo la kuchagua kuanzia Gredi ya 10, na Uganda imekifanya Kiswahili cha lazima katika miaka miwili ya kwanza ya sekondari tangu mtaala wa 2020. Kwa hiyo wapo wasomaji wapya upande wa pili wa mto, na wapo wanaohitaji sababu ya kuchagua upande huu. Ombi letu, langu na la mwalimu yule, kwa Kaunti ya Busia na Wilaya ya Tororo ni moja: Padhola kichapishwe upya, Kidhopadhola ukurasa wa kushoto na Kiswahili wa kulia, kigawiwe shuleni pande zote mbili. Yeye ameshaanza kutafsiri sura za koo, nami nasahihisha Kiswahili chake.