Damu ya Kikwit na Dawa ya Ebola

Katika Bunia na katika vijiji vya Ituri tulisikia mara mingi neno hili: «Ebola ni biashara ya wakubwa.» Lilisemwa sokoni, lilisemwa njiani, tangu Agosti 2018 ugonjwa ulipotangazwa katika Kivu ya Kaskazini na kuingia kwetu upesi, mpaka tarehe 25 Juni 2020 ilipotangazwa kwamba umekwisha. Watu 3.470 waliugua, na 2.287 walikufa. Neno lile halikuwa upuuzi mutupu, lakini halikuwa ukweli wote. Tutazame basi dawa moja ya Ebola: ilitoka wapi, nani waliivumbua, na karatasi yake iko mikononi mwa nani.

Karatasi hiyo ni hati ya uvumbuzi. Wengi kwetu wanasema breveti. Serikali inamupa mvumbuzi haki ya kuwakataza wengine kutengeneza au kuuza kitu chake bila ruhusa, kwa kawaida muda wa miaka 20. Lakini haki hiyo haitolewi bure. Yeye anapaswa kueleza wazi namna kitu kile kinavyotengenezwa, na maelezo yake yanatangazwa kwa wote. Muda ukiisha, kila mutu anaweza kukitengeneza.

Faida ya sharti hilo inaonekana katika historia ya inchi yetu. Zamani, ugonjwa wa usingizi ulipoangamiza watu wengi wa Kongo, kampuni ya Bayer ya Ujerumani ilipata dawa iliyoitwa Bayer 205. Kisha mwaka 1921 munganga Kleine alikuja nayo Afrika, akaijaribu juu ya wagonjwa wa Rhodesia na wa Kongo. Miili ilikuwa ya Waafrika, lakini namna ya kutengeneza dawa ilifichwa kabisa, mpaka Ernest Fourneau wa Institut Pasteur ya Paris alipoitambua kwa akili yake mwenyewe na kuitangaza mwaka 1924. Breveti inafunga mulango kwa muda. Siri inaufunga bila kusema utafunguliwa lini.

Sasa tuje kwa Ebola. Mwaka 1976 munganga Jean-Jacques Muyembe alitumwa Yambuku, akatoa damu ya wagonjwa kwa mikono mitupu, maana ugonjwa ule ulikuwa haujapata hata jina. Mwaka 1995 alikuwa Kikwit, ambako watu 315 waliugua. Yeye na wenzake walifikiri hivi: mutu aliyepona ana kitu katika damu yake kilichoshinda ugonjwa, basi tumutie mugonjwa damu hiyo. Waliwatia wagonjwa 8. Mumoja alikufa, 7 walipona. Wataalamu wa ngambo waliona mashaka: wagonjwa 8 ni wachache, tena pengine walikuwa wamekwisha kupita siku za hatari. Mashaka hayo yalikuwa na sababu, lakini wazo halikufa.

Mwaka 2006, miaka 11 baada ya Kikwit, ilichukuliwa damu ya mutu mumoja aliyepona kule. Katika damu hiyo wataalamu wa Marekani na wa Uswisi, pamoja na Wakongomani, walitenga kingamwili moja, yaani kitu ambacho mwili unatengeneza ili kupigana na ugonjwa. Waliiita mAb114. Breveti iliombwa, na kati ya majina ya wavumbuzi yameandikwa majina ya Wakongomani Muyembe na Sabue Mulangu.

Kuanzia Novemba 2018 dawa hiyo ilijaribiwa pamoja na nyingine 3 katika Beni, Butembo, Katwa na Mangina, karibu na mupaka wa Ituri. Kati ya wagonjwa 174 waliopewa mAb114, 61 walikufa. Kati ya 169 waliopewa dawa ingine, ZMapp, walikufa 84. Tofauti hiyo ni watu waliorudi nyumbani kwao. Mwaka ule ule wa 2018 serikali ya Marekani iliipa kampuni ya Ridgeback Biotherapeutics haki ya kuitengeneza, na tarehe 21 Desemba 2020 iliikubali iuzwe kwa jina la Ebanga.

Basi tuseme nini juu ya neno la sokoni? Kwanza, si kweli kwamba dawa hii ilikuja kwetu kama kitu kigeni. Mbegu yake ni damu ya Mukongomani na wazo la waganga wa Kongo. Kama watu wangeelezwa hivyo mapema na kwa lugha yao, pengine uvumi ungepungua. Uvumi ule si muchezo: mwisho wa Novemba 2019 wafanyakazi wa kupigana na Ebola walishambuliwa katika Biakato Mines na Mangina, na watu 4 waliuawa.

Pili, wenye mashaka hawakukosa kabisa. Sheria ya breveti inamuandika yule aliyetafuta akapata. Haimuandiki yule aliyetoa damu, wala wagonjwa waliokubali kujaribiwa dawa. Kiwanda, bei na akiba viko mbali nasi. Tena Ebanga inashinda Ebola ya aina ya Zaïre tu. Ile ya Bundibugyo, iliyoua watu katika Isiro mwaka 2012, haiiwezi.

Kwa nini jina la Muyembe limo katika karatasi ile? Kwa sababu alichunguza, akaandika, akatangaza. Sisi tunaosoma na kufundisha tushike jambo hilo. Mashuleni kwetu tuwazoeze vijana kuandika wanachokiona, kwa hesabu na kwa tarehe. Na wale wa Ituri waliotoa miili yao kwa kazi hiyo, tusiache wasahauliwe: waliokoa watu ambao hawatawajua kamwe.