Visima, shule na wakfu: Jinsi jamii za dini zilivyojenga mji wa Mombasa

MTU anayevuka daraja la Nyali kutoka kisiwani Mombasa kuelekea Kisauni hufika, muda mfupi baada ya kuliacha daraja, mahali paitwapo Kengeleni. Makondakta wa matatu hulitaja jina hilo kutwa kucha, na abiria hushuka na kupanda bila kujiuliza kengele hiyo ni ipi.

Kengele ipo. Ni ya Frere Town, makazi yaliyoanzishwa na wamishonari wa Kianglikana wa Church Missionary Society mnamo 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka kwa wafanyabiashara wa watumwa. Ilipigwa kuwatahadharisha wakazi kila wateka watumwa walipoonekana wakija. Biashara hiyo ilikwisha, wamishonari wakaondoka, lakini mtaa mzima, wenye Waislamu wengi na Wakristo wengi, ungali unaitwa kwa chombo cha kanisa.

Mombasa ina mambo mengi ya namna hii. Jamii moja ya dini ilijenga kitu kwa haja zake yenyewe, na baada ya miaka mji wote ukakichukua na kukitumia. Makala haya yanaeleza baadhi ya vitu hivyo, vilivyopatikana kwa njia gani, na mahali ambapo hesabu baina ya jamii hizo na mji wao haijafungwa hadi leo.

Uislamu ndio uliotangulia. Msikiti wa Mandhry ulio Mji wa Kale hukadiriwa kujengwa mnamo 1570, yaani kabla ya Wareno kuanza kuijenga Fort Jesus mwaka wa 1593. Mmishonari Johann Ludwig Krapf aliwasili Mombasa mwaka wa 1844. Kisha, kuanzia 1896, ujenzi wa reli uliwaleta vibarua, mafundi na makarani kutoka India, na nyuma yao wafanyabiashara: Mabaniani, Makalasinga, Majaini, Maismailia, Mabohora na Maithnaashari. Kila jamii ilijitafutia pa kusalia, pa kusomeshea watoto na pa kuwapeleka maiti wake.

Kuishi pamoja kuliacha alama hata katika majengo. Kanisa kuu la Kianglikana la Mombasa Memorial, lililokamilika 1905, lina kuba na matao ambayo mgeni asiyejua huweza kudhani ni ya msikiti. Waliolichora hawakuona haya kuazima sura ya mji walioukuta.

Maji nje ya ukuta

Pengine mchango wa kale zaidi, na unaosahaulika upesi zaidi, ni maji. Mombasa ni kisiwa kisicho na mto. Maji ya mfereji hutoka mbali: Marere katika vilima vya Shimba, Tiwi, Baricho kando ya Mto Sabaki, na chemchemi za Mzima ambazo bomba lake lilifika Mombasa katika miaka ya 1950. Kabla ya mabomba hayo watu waliishi kwa visima.

Msikiti hauwezi kukaa bila maji kwa sababu Mwislamu hawezi kusali bila udhu. Kwa hiyo penye msikiti palichimbwa kisima na kujengwa birika, na penye kisima majirani walikuja na ndoo. Aidha, mafundisho ya Kiislamu huhesabu kumpatia mtu maji kuwa sadaka yenye kuendelea, ambayo thawabu zake humfikia aliyeitoa hata baada ya kufa. Basi mwenye mali alipotaka kukumbukwa, mojawapo ya njia za karibu ilikuwa kuchimba kisima.

Haya si mambo ya kale tu. Upungufu wa maji mjini ni wa kila mwaka, na mifereji ya nyumbani inapokauka wauzaji wa mikokoteni hupandisha bei ya mtungi watakavyo. Misikiti kadhaa yenye visima huweka mfereji upande wa nje wa ukuta, mahali ambapo mtu yeyote hukinga maji bila kuulizwa jina wala dini. Ni jambo dogo la ujenzi, bomba kupitishwa upande huu au ule, lakini ndilo linaloamua kama kisima ni cha waumini au ni cha mtaa.

Chuo kilichobadilisha jina

Katika elimu habari ni ndefu zaidi, na ina uchungu wake. Serikali ya kikoloni iligawa shule kwa rangi, na kwa muda mrefu iliwaachia wamishonari elimu ya Waafrika. Waislamu wengi wa Pwani walichelea kuwapeleka watoto wao katika shule ambako masomo na Biblia vilikwenda pamoja. Matokeo yake ni kwamba vijana wao walibaki nyuma katika kazi za ofisi na za ufundi.

Jamii za Kiasia zilijitegemea. Allidina Visram, mfanyabiashara Mwismailia aliyetoka Kutch nchini India na kueneza maduka yake kutoka pwani hadi Uganda, alifariki 1916. Mwanawe alitoa mali iliyowezesha kujengwa kwa shule ya upili yenye jina la baba yake, iliyofunguliwa 1923. Ilianza kwa wanafunzi wa Kihindi. Leo ni shule ya umma, na wanafunzi wake ni wa makabila na dini zote.

Mfano mkubwa zaidi, hata hivyo, ni Mombasa Institute of Muslim Education, iliyojulikana kwa kifupi kama MIOME. Mwishoni mwa miaka ya 1940, Sultani wa Zanzibar Sayyid Khalifa bin Haroub, Aga Khan wa Tatu na kiongozi wa Mabohora, Syedna Taher Saifuddin, walichanga fedha pamoja na serikali ya kikoloni, wakati Sir Philip Mitchell akiwa gavana wa Kenya. Nia ilikuwa kuwapa vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki mafunzo ya ufundi. Masomo yalianza 1951.

Inafaa kutua hapa kidogo. Sultani alikuwa wa madhehebu ya Ibadhi. Aga Khan alikuwa imamu wa Maismailia. Syedna aliwaongoza Mabohora. Waislamu wa Mombasa waliokuwa wakingojea chuo hicho, kwa wingi wao, walikuwa Masuni wa madhehebu ya Shafii. Watu hawa hawakusali nyuma ya imamu mmoja, lakini walikubaliana kuhusu karakana.

Baada ya uhuru chuo hakingeweza kubaki cha waumini wa dini moja. Mwaka wa 1966 kiligeuzwa kuwa Mombasa Technical Institute na kufunguliwa kwa wote, baadaye kikawa Mombasa Polytechnic, kisha chuo kikuu kishiriki mnamo 2007, na tangu Januari 2013 ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Maelfu ya mafundi wa bandari, viwanda na hoteli za Pwani wamepita hapo.

Wapo Waislamu wa Pwani ambao hadi leo huyasimulia mabadiliko hayo kama kupokonywa. Husema kwamba mali iliyotolewa kwa ajili ya vijana wao ilichukuliwa kabla vijana hao hawajawafikia wenzao. Malalamiko hayo hayafai kupuuzwa kwa jibu la haraka kwamba Kenya ni ya wote. Kufungua chuo kulikuwa sahihi. Serikali inayolipia walimu kwa kodi ya kila mwananchi haiwezi kuuliza dini mlangoni. Lakini jamii inapoukabidhi mji kitu kikubwa kiasi hicho, ina haki ya kuona asili yake inatajwa, na haja iliyokizaa inashughulikiwa kwa njia nyingine.

Kwa upande wa afya, Hospitali ya Aga Khan ya Mombasa ilianzishwa 1944. Ile ya Pandya Memorial ilifuata 1947, kwa kumbukumbu ya J.B. Pandya, mfanyabiashara na mwanasiasa wa mji huo aliyefariki 1942; hiyo ya pili haikuwa ya hekalu lolote, bali matunda ya jamii ya Kihindi iliyozoea kuchangisha. Zote mbili hupokea wagonjwa wa kila dini. Kizuizi cha siku hizi ni bili.

Kuna pia chakula. Futari za Ramadhani zinazoandaliwa misikitini huwafikia maskini wengi wa mjini. Katika barabara kuu ya kwenda Nairobi, hekalu la Makalasinga la Makindu, lililojengwa 1926 enzi za wafanyakazi wa reli, humlisha msafiri yeyote bila malipo, na madereva wa malori yatokayo bandarini wanalijua vyema.

Miaka ya majaribu

Ingekuwa rahisi kuandika kana kwamba Mombasa imekuwa ikiishi hivi bila matata. Agosti 13, 1997 washambuliaji walivamia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua maafisa na kuiba silaha, kisha wakawageukia wakazi waliotoka bara. Chimbuko lilikuwa siasa za mwaka wa uchaguzi na malalamiko ya ardhi na ajira, wala si dini. Hata hivyo, maelfu walipokimbia makwao, wengi walijihifadhi katika kanisa Katoliki la Likoni. Wakati huo mji haukuwa na pahala pengine pa kuwaweka.

Baada ya machafuko hayo viongozi wa Kiislamu, Kikristo, Kihindu na wa dini za jadi waliunda Baraza la Viongozi wa Dini Mbalimbali Pwani, linalojulikana zaidi kwa herufi za CICC. Kazi yake si ya kuvutia wapiga picha: kusuluhisha migogoro ya ardhi, kupatanisha mitaa, kutoa kauli moja kabla ya uchaguzi.

Mtihani mkubwa ulikuja baadaye, na mara hii ulivaa vazi la dini waziwazi. Agosti 27, 2012 Sheikh Aboud Rogo aliuawa kwa risasi, na katika ghasia zilizofuata makanisa yalishambuliwa na kuporwa. Februari 2, 2014 polisi waliingia Masjid Musa, eneo la Majengo, kwa nguvu. Machi 23 mwaka huo watu waliojihami kwa bunduki waliwafyatulia risasi waumini kanisani Likoni wakiwa katika ibada ya Jumapili, na watu 6 wakafa. Juni 10, Sheikh Mohammed Idris, mwenyekiti wa Baraza la Maimamu na Wahubiri nchini (CIPK), ambaye alikuwa amepingana na vijana wenye itikadi kali, aliuawa karibu na msikiti aliokuwa akienda kusali alfajiri.

Yafaa kukumbuka kwamba aliyelipa kwa uhai wake hapo alikuwa kiongozi wa dini aliyekataa nyumba ya ibada kugeuzwa ngome. Mji ulimzika na kuendelea na shughuli, kama miji ifanyavyo, lakini mchango wa aina hiyo haupatikani katika orodha za hospitali na shule.

Upande wa pili wa sarafu ulionekana katika kaunti jirani ya Kilifi mnamo 2023, ambapo zaidi ya miili 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola. Kundi hilo lilikuwa limejitenga na shule, hospitali na majirani. Tangu hapo mjadala kuhusu usajili na usimamizi wa makanisa umepamba moto, na baadhi ya wahubiri wanauona kama uvamizi wa uhuru wa kuabudu.

Deni la ardhi

Suala gumu zaidi Mombasa, ambalo dini haziwezi kulikwepa, ni ardhi. Wakfu ni mali ambayo Mwislamu huiweka kwa ajili ya Mungu: nyumba, shamba au kiwanja kisichouzwa wala kurithiwa, na mapato yake hutumika kwa msikiti, mayatima, maskini au jamaa aliowataja. Mji wa Kale na mitaa kama Majengo ina viwanja vingi vya aina hiyo. Makamishna wa Wakfu wamekuwa wakivisimamia tangu enzi za ukoloni, kwa muda mrefu chini ya sheria ya 1951, na sasa chini ya Sheria ya Wakfu ya 2022.

Hapo hukutana na desturi ya Mombasa iitwayo nyumba bila ardhi. Mtu hujenga nyumba yake juu ya kiwanja cha mwingine na kumlipa mwenye ardhi kodi ya kila mwezi. Nyumba ni yake na huweza kuiuza, kiwanja si chake. Mwenye ardhi akiwa wakfu, msikiti unaweza kuwa ndio mwenye kiwanja, na mwenye nyumba akawa Mkristo au Mwislamu, mzaliwa wa hapo au mtu wa bara.

Mpango huu uliwapa maskini wengi makao katikati ya mji ambako wasingeweza kununua futi moja ya ardhi. Lakini pia una kasoro mbili. Kodi ya zamani huwa ndogo kiasi kwamba msikiti au mayatima waliokusudiwa hawapati cha maana; na inapopandishwa ghafla, au mwekezaji anapotokea na ahadi ya ghorofa, mwenye nyumba hujikuta hana hati ya kumlinda. Wadhamini wengine huweka hesabu safi na kuwaita wapangaji kabla ya kubadilisha chochote. Wengine hawajulikani hata majina kwa watu wanaowalipa.

Sheria ya 2022 ilinuiwa kuweka rejista na hesabu za mali hizo mahali pa kukaguliwa. Kwa mwenye nyumba wa Majengo, swali analotaka lijibiwe ni jepesi: risiti anayopewa kila mwezi inamlipa nani, na fedha hizo zinakwenda wapi.