Mchezo Uponyao: Kutoka Kumbini Hadi Kwenye Intaneti

Wamwera wa Nachingwea na Ruangwa, na jirani zao Wamakua na Wamakonde, wamejua kwa vizazi vingi kwamba mchezo hufanya kazi isiyowezwa na mahubiri. Kumbini, mahali pa jando, kijana hufundishwa kwa nyimbo, ngoma na maigizo, na yasemwayo humo hayatoki nje. Vincent Lucas, aliyekuwa Askofu wa Masasi tangu mwaka 1926, aliitambua nguvu hiyo. Badala ya kulipiga jando marufuku, alilitia katika Ukristo.

Ng'ambo, wazo hili lilishika njia nyingine. Jacob Levy Moreno, tabibu aliyezaliwa Bucharest mwaka 1889, alianzisha Vienna mchezo usioandikwa. Mwaka 1925 alihamia Marekani, na mwaka 1936 akafungua hospitali huko Beacon, ambako wagonjwa waliigiza majonzi yao jukwaani. Kwetu, katika miaka ya 1980, Penina Muhando, Amandina Lihamba na wenzao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliwashirikisha wanakijiji wa Malya kuyaigiza matatizo yao wenyewe.

Tangu Uviko-19 kufunga kumbi za dunia mwaka 2020, tiba ya maigizo imeenea pia katika intaneti. Miongoni mwa wawezao kufaidika nayo ni wanaume wazee wapendao wanaume wenzao. Uingereza iliyafuta makosa ya faraghani ya wanaume hao mwaka 1967. Lakini sheria ya adhabu iliyotungwa na Waingereza kwa Tanganyika mwaka 1930 ingali inawashika wa kwetu, na adhabu yake ilizidishwa mwaka 1998.

Isidhaniwe kwamba tiba hii yataka kuibadili asili ya mtu. Shirika la Afya Duniani liliiondoa hali hiyo katika orodha ya maradhi mwaka 1990. Kimwumizacho mzee huyo ni upweke na kimya cha miaka mingi. Katika mchezo humsemesha mtu wa kubuni yale asiyothubutu kuyasema kwa jina lake, akayasikia, akapumua.

Hata hivyo, kioo cha simu hakina ua. Simu hushikwa na wajukuu, na picha huweza kunaswa na kusambazwa. Palipo na kifungo, siri ikivuja huwa msiba. Kumbi liliponya kwa kuwa lilikuwa na walinzi. Basi, kabla ya kumwita mzee jukwaani, yapasa tujue nani atakayemlindia mlango.